Mwaka Niliojifunza Kumwita Nyokabi

Tulimzika Mama Njoki mwezi jana kwenye shamba la kwao, mbele ya Thika, kati ya migomba na mahindi yaliyokuwa yameanza kukauka. Mvua haikunyesha, pasta hakurefusha mahubiri na chakula kilitosha kila mtu, mambo ambayo mwenyewe angeyasifu kabla ya kusifu wimbo wowote. Watu walipokwisha kula, sisi tuliocheza naye mpira tulijikuta nyuma ya nyumba tukiosha sufuria, leso zimefungwa viunoni, magoti yakitukumbusha umri kila tulipoinama. Achieng, aliyekuwa winga mwenye mbio kuliko wote na ambaye siku hizi hutafuta kiti kwanza ndipo aanze kuzungumza, alikuwa akiwasimulia wasichana wa timu ya sasa vituko vya zamani. Nikasikia jina langu likitajwa, kisha kicheko. Msichana mmoja mrefu, anayecheza kiungo kama nilivyocheza mimi, akanigeukia akiwa ameshika sahani iliyojaa povu. "Auntie Wangari, ati Mama Njoki ulikuwa unamwita Nyokabi?" akauliza. "Hivyo tu? Nyokabi? Na ulikuwa na miaka ngapi?" Nikamwambia nilikuwa nimetoka tu shule ya upili. Akanitazama jinsi mtu anavyomtazama jirani baada ya kusikia kwamba jirani huyo aliwahi kufungwa jela. "Na hakukuchapa?"

Nimeulizwa maswali mengi tangu nianze kulipwa kwa kucheza mpira. Watangazaji wa redio wameniuliza, na makocha wa nchi ambako ukipumua asubuhi unaiona pumzi yako, na wote huuliza habari za mguu: nani alinifundisha pasi ndefu, nani alinifundisha kugeuka na mpira mtu akiwa mgongoni. Huwa nawajibu, maana si vizuri kumwacha mgeni mikono mitupu. Lakini hakuna aliyewahi kuuliza jambo la maana kama yule msichana wa povu. Wasiocheza hudhani kiungo ni miguu, na miguu kila mtu anayo. Kiungo husimama katikati, anaona mbele na nyuma, na kazi yake kubwa ni kuwaambia wenzake yale wasiyoyaona kwa sababu wao wanautazama mpira. Akiona na kunyamaza, ni heri asingeona. Mimi mwaka ule nilikuwa naona kila kitu, na nilikuwa nanyamaza, na karibu nirudishwe kwetu Mwiki kwa sababu ya adabu.

Kocha Mutua alinipata Ruiru, kwenye mashindano ya vijana wa makanisa. Alikuwa mtu mwembamba wa upande wa mashariki ya Thika, mkulima wa maembe aliyependa mpira kuliko maembe yenyewe, na hakuwa na maneno mengi. "Uko na macho," aliniambia. "Kuja Thika nikuangalie mpaka katikati ya msimu. Ukifaa, utabaki. Usipofaa, nitakurudisha kwenu na nauli." Kwetu kulikuwa Mwiki, kwa shangazi yangu mwenye saluni, ambako kazi yangu ilikuwa kufagia nywele za wateja na kuzichoma nyuma ya ploti. Sina neno baya kuhusu saluni ile, ilinilisha. Lakini mtu akikuambia kwamba una macho, halafu urudi kufagia nywele, utazifagia kwa namna nyingine.

Nyumba ya timu ilikuwa Kiganjo, vyumba vinne vimezunguka ua wa simiti wenye mfereji mmoja, ukuta umepakwa rangi ya maziwa hadi mahali ambapo rangi iliisha. Mimi na Achieng tulipewa chumba kilichopakana na jikoni. Kulikuwa na vitanda viwili vya chuma, viatu vya mpira vimening'inia kwenye misumari, dirisha lisilofungika, na kati yetu na jikoni palikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo tulijua kilichokuwa kinapikwa na mtu aliyekuwa anazungumziwa. Asubuhi uji wa wimbi, mchana githeri ya mahindi na maharagwe, jioni ugali na sukuma, na siku ya mechi yai moja kwa kila mtu, ambalo Achieng alilila polepole akitutazama tuliomaliza. Siku nyingine alinunua omena akazikaanga, chumba kikanuka ziwa wiki nzima, nami sikulalamika kwa sababu alinigawia. Nilikuwa na furaha isiyo na sababu nyingi. Nikiamka na kusikia watu wakigombania mfereji nilijua niko mahali pangu, na kila siku niliogopa kwamba si pangu bado.

Mama Njoki ndiye aliyekuwa kapteni na beki wa kati. Aliishi ploti ya jirani na mumewe, Baba Njoki, aliyefanya kazi kiwandani, na watoto wao watatu, na mbele ya geti alikuwa na kibanda cha mboga. Alikuwa na umri wa kuwa dada mdogo wa mamangu, na Njoki, binti yake wa kwanza, alikuwa tayari ananifikia begani. Aliamka akapanga mboga, akaja mazoezini, akarudi kuuza, akaingia jikoni mwetu kuhakikisha githeri haijaungua. Siku ya kwanza alinipa chai. Niliipokea kwa mikono miwili nikapiga goti kidogo, kama nilivyofunzwa, na yeye akamgeukia Achieng akamwambia, "Unaona? Huyu amelelewa." Sifa hiyo niliibeba siku nzima kifuani. Sikujua kwamba ndiyo ingekuja kunikaba.

Maana kwetu, mwanamke aliyezaa haitwi jina lake na mtoto. Anaitwa mama wa fulani, na jina alilopewa na wazazi wake linabaki kwa wazazi hao, kwa mumewe na kwa wanarika wake. Kumwamrisha ndiyo kabisa huthubutu. Kwa hiyo mazoezini, mshambuliaji alipomnyemelea Mama Njoki kwa nyuma, mimi nilifungua mdomo nikasema, "Mama Njoki, samahani, kuna mtu nyuma yako." Nilipofika kwenye "kuna mtu," huyo mtu alikuwa amekwisha kufunga. Kipa wetu, Mwalimu Rose, alifundisha shule ya chekechea, naye nilimwambia, "Teacher, naomba utoke kidogo." Achieng alikuja akanishika bega. "Manze Wangari, unaita mabeki kama mtu anaomba chumvi kwa jirani," akasema. Kocha akaniambia nimwite Mama Njoki Captain basi, kama alivyomwita yeye mwenyewe, na nikajaribu, lakini ilitoka "Captain, tafadhali." Ugumu haukuwa kwenye neno. Ningewezaje kumwambia mtu mzima arudi, aache, aharakishe, mtu aliyenipakulia chakula dakika chache zilizopita? Heshima si utumwa, wanasema, na ni kweli, lakini waliosema hivyo hawakuwa wakicheza namba nane.

Tulipoteza mechi moja nyumbani, hapo Thika, kwa sababu hiyo. Niliuona mpira ukija, nikaona Mama Njoki akiufuata upande usiofaa, nikaona mshambuliaji wao akiingia kwenye nafasi aliyoiacha, na maneno yakapanga foleni kooni mwangu yakisubiriana kwa adabu. Wakafunga. Mama Njoki aligeuka akanitazama, si kwa hasira, alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni. Hakuna aliyenigombeza. Tulirudi nyumbani, akaloweka jezi kwenye karai, nami nikakaa kando nikisuuza, na wote wawili tukazungumza juu ya sabuni.

Siku mbili tatu baadaye, mchana, nilikuwa kitandani nimelala chali nikipumzisha miguu. Nje Achieng alikuwa anasukwa nywele. Kocha akaingia jikoni, nikasikia kikombe kikiwekwa mezani, halafu sauti yake.

"Captain, huyu mtoto wako wa Mwiki. Nimemvumilia."

"Anacheza vizuri," Mama Njoki akajibu.

"Anacheza vizuri kama mtu amefungiwa kwa chumba peke yake. Kuna msichana wa chuo pale Kahawa Wendani. Mguu wake haufikii wa Wangari, lakini anaongea. Nimemwambia akuje Ruiru siku ya mechi. Kama huyu hatakuwa amefungua mdomo siku hiyo, nitampatia nauli yake."

Kisu kilikuwa kinakata sukuma, kikanyamaza. "Si eti ananiogopa," Mama Njoki akasema. "Ananiheshimu. Hizo ni vitu mbili."

"Kwa uwanja ni kitu moja," Kocha akasema, akamaliza chai yake akaenda.

Nililala pale nikitazama mabati. Nilikuwa nimeipenda nyumba ile, uji wake na kelele zake, na kuliko hivyo vyote nilikuwa nimependa ile dakika unapopokea mpira na kujua kabla ya mtu yeyote utakwenda wapi. Nilijua sitaipata dakika hiyo kwenye saluni. Nililia kidogo, kimya kimya, maana ukuta ule wa mbao ulifanya kazi pande zote mbili.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, Mama Njoki aliniita kwake nimsaidie kumenya waru, yaani viazi, za kupondea mukimo. Sebule yake ilikuwa ndogo, viti vimevalishwa vitambaa alivyovishona mwenyewe, na Baba Njoki alikuwa amefungua redio mbovu mezani akiichokora kwa bisibisi, jambo alilolifanya kila Jumapili bila redio kupona. Tulimenya kwa muda. Kisha Mama Njoki akaniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye kisu, "Wewe uliitwa Wangari ya nani?"

"Ya mama ya mamangu."

"Na mimi mamangu ni Wangari," akasema. "Huyo wa kwanza wangu alichukua jina la kina Baba Njoki, vile inatakikana. Wa pili angekuwa wa mamangu. Nikangoja. Wakakuja wavulana, huyo na huyo. Wangari wangu hakukuja." Akaitupa waru kwenye maji. "Kama angekuja, ningekuwa namwita nani?"

"Maitu," nikasema.

Jibu hilo kila mtoto wa kwetu analijua. Maitu ni mama yangu. Mtoto aliyepewa jina la bibi yake ndiye bibi huyo amerudi, na mzazi wake humwita mama na kumaanisha hivyo. Nimewaona wanaume wenye ndevu wakimwita mama mtoto ambaye bado anatambaa, na wakimwomba ruhusa kabla ya kumnyang'anya kijiko. Sijawahi kuona mtu akiona ajabu.

"Sawa," Mama Njoki akasema. "Basi ndani ya laini za uwanja wewe ni maitu. Hapa nje wewe ni mtoto, utaniosha vyombo. Lakini ukivuka laini, mimi ndio mtoto. Na mama anaweza kuambia mtoto wake nini?"

"Chochote."

"Niite."

Nilifungua mdomo. Nikasema jina lake kwa sauti ya mtu anayeungama dhambi. Baba Njoki akainua kichwa kutoka kwenye redio. "Hiyo hata mimi sijaskia," akasema, "na niko hapa." Nikarudia. Njoki akacheka mpaka akatumwa kununua chumvi ambayo haikuwa imeisha. Mara ya nne au ya tano lilitoka kama jina, nami nikafunika mdomo kwa mikono yenye maganda ya waru, nikahisi nimevunja kitu cha watu. Mama Njoki aliendelea kumenya. "Sasa uniambie nifanye kitu," akasema. "Mama hawezi kuita mtoto halafu anyamaze. Mtoto atadhani ni mgonjwa."

Tuliendelea na shule hiyo kila jioni kabla ya chakula. Alikaa kwenye kibanda chake, nami nikasimama ng'ambo ya barabara, kati yetu boda boda zikipita na mikokoteni na watu wakitoka kazini, na sharti lilikuwa kwamba hatageuka nisipomwita kwa sauti inayovuka na nisipompa amri. "Nyokabi, leta sukuma!" Hakugeuka. "Nyokabi, simama! Rudi nyuma! Kushoto!" Akasimama, akarudi nyuma, akaenda kushoto, mbele ya wateja, akiwa na nyanya mkononi, uso wake hauna hata chembe ya kicheko. Mama mmoja wa kundi lao la kanisani alisimama kando yangu na kikapu chake. "Wewe msichana, ni nani unaita hivyo? Huyo ni rika lako?"  Mama Njoki akajibu kutoka ng'ambo, huku akimpimia mtu vitunguu, "Mwache, ni mama yangu." Yule mama alinitazama, akamtazama Mama Njoki, akakadiria hesabu ya umri ikamshinda, akaenda zake. Ilituchukua Jumapili nyingi kuimaliza habari hiyo kanisani.

Kuna jambo jingine alilolifanya, na mpaka leo nikiwafundisha wasichana wa Ruiru nafikiri ndilo lililokuwa na akili kuliko yote. Mazoezini alianza kuniuliza. "Maitu, nitoke?" "Maitu, nani yuko nyuma?" Mtoto akimuuliza mama, mama hujibu, hata akiwa amechoka. Nikawa najibu kabla sijakumbuka kuogopa. Wengine wakaingiwa na mchezo huo, Mwalimu Rose akaniita shosho, yaani bibi, Achieng akaanza kuniomba pesa ya shule. Kocha alisimama kando na filimbi yake. Tuliojua kwamba ilikuwa kazi na si mzaha ni mimi na Mama Njoki, na yeye hakunionyesha hata siku moja kwamba anajua nilichokisikia kupitia ukuta. Sikumuuliza kamwe, na sasa siwezi, lakini nadhani alijua.

Basi mechi ya Ruiru ikafika. Tulicheza kwenye uwanja ambao kutoka pale unaweza kutembea hadi Mwiki, na nusu ya waliosimama kandokando walikuwa wamenijua nikiwa na meno ya utotoni. Shangazi alifunga saluni akaja na wateja wawili, mmoja kichwa kimesukwa nusu. Walimu wangu wa Sunday school walikuwepo. Kwenye benchi la akiba alikaa msichana wa chuo kutoka Kahawa Wendani, nadhifu, mchangamfu, ameshasalimiana na kila mtu. Alinisalimia hata mimi, na alikuwa mtu mwema, jambo lililoniumiza zaidi. Nilikuwa nafunga kiatu Mama Njoki alipoinama kando yangu. "Mami amekuja," akasema. "Anakaa hapa Ruiru kwa ndugu yangu. Hajawahi kuniona nikicheza." Akanionyesha kwa kidevu. Kwenye kiti cha plastiki karibu na laini alikuwa ameketi mwanamke mzee, kitambaa cheupe kichwani, fimbo katikati ya magoti, anatazama uwanja kama mtu anayekagua shamba la mwingine.

 Nilikuwa kama mtu aliyeazima koti, akalizoea, halafu akakutana na mwenye koti njiani. Ningemwita Nyokabi vipi mbele ya yule aliyempa jina hilo? Ningejifanya mama yake vipi, mama yake akiwa ameketi pale na fimbo? Kipindi cha kwanza chote sikusema neno. Mama Njoki aliniuliza, "Maitu, nitoke?" nami nikampungia mkono. Akauliza tena, nikamwelekeza kwa kichwa. Walitufunga bao kupitia katikati, palepale tunapokaa mimi na yeye, na nikasikia shangazi yangu akisema pole kwa sauti ya saluni.

Wakati wa mapumziko tulikula machungwa. Kocha alikuja akasimama mbele yangu, na nyuma yake yule msichana wa chuo alikuwa tayari anavua sweta. "Nakupatia dakika chache," Kocha akasema. "Si kwa sababu nataka. Captain ameniomba." Mama Njoki alikuwa anatafuna chungwa lake akitazama kwingine. Nilitaka kumwambia kwamba siwezi, kwamba mamake yuko pale. Lakini alikwisha kujua kwamba mamake yuko pale. Yeye ndiye aliyemwalika.

Haikukawia. Beki wao alipiga mpira mrefu, ukapanda juu, na Mama Njoki akaanza kuutokea. Ulikuwa mpira wake, kila mtu angesema hivyo, mpira ambao beki wa kati huufuata hata akiwa usingizini. Mimi peke yangu nilikuwa naona kwamba winga wao ameshaondoka nyuma yake, na kwamba upepo ulikuwa unausukuma mpira na Mama Njoki hataufikia. "Nyokabi!" nikapiga kelele. "Wacha! Rudi!" Sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyojua kwamba ninayo. Na yeye, mwanamke mzima, kapteni, mbele ya mamake na mumewe na watoto wake, aliuacha mpira ule mzuri ukapita juu ya kichwa chake, hakugeuka kuona kama nimeona sawa, akarudi. Winga alipoushika, Nyokabi alikuwa amekwisha kusimama mbele yake. Akamnyang'anya, akanipa, nami nikampa Achieng, na Achieng akakimbia jinsi alivyokimbia zamani zile, nyasi zote zikiwa zake. Akasawazisha. Kuanzia hapo sikunyamaza tena. Niliwaita wote kwa majina yao matupu, nikamwambia Mwalimu Rose atoke na akatoka, nikamwambia Nyokabi kushoto, kulia, simama, nenda, na sauti ilipoanza kukwaruza nikaendelea nayo ikikwaruza. Mechi iliisha sare. Nimecheza fainali tangu siku ile, nimevaa jezi ya nchi yangu, na bado sare ile ya Ruiru ndiyo naitoa kwanza mtu akiniuliza ushindi wangu.

Kocha alimwendea msichana wa chuo akampa mkono, akamwambia kuna nafasi pembeni kama anaweza kukimbia, na alikuja kuwa winga wetu wa kulia kwa misimu miwili. Mimi akaniambia tu, "Shangazi yako amalizie huyo mteja. Wewe tunarudi na wewe Thika." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi iliyonilea miaka yote iliyofuata. Nimesifiwa sauti yangu na watu nisiojua lugha yao. Nimejifunza kuita mabeki kwa majina ambayo ulimi wangu ulikataa mwezi mzima. Kila mara nilipoita na mtu akarudi bila kuniuliza kwa nini, nilimshukuru Mama Njoki, na nashukuru kwamba nilipata nafasi ya kumwambia hivyo akiwa hai, tena mara nyingi, mpaka akaniambia nimpumzishe. Ukiacha mafunzo yale ya sebuleni na ya kibandani, nje ya laini sikumwita Nyokabi hata mara moja. Mwezi jana, udongo ulipoanza kuanguka, jina hilo lilinijia mdomoni, nikalimeza, na nililia kama mtu aliyefiwa na mzazi na mtoto kwa pamoja, sikuona aibu.

Lakini siku ile ya Ruiru hakukuwa na msiba. Watu walikuwa wanatawanyika, watoto wameingia uwanjani, na Mama Njoki akanishika mkono, wote wawili tukiwa na jasho na vumbi, akanipeleka hadi kwenye kiti cha plastiki. Laini tulikuwa tumeivuka, kwa hiyo nilikuwa mtoto tena, na nilitembea kama mtoto anayepelekwa kuchapwa. "Mami," akasema, "huyu ndiye Wangari."

Shosho alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Ni huyu alikuwa anakuita hivyo?"

"Ni huyu."

Nikampa mikono yote miwili nikainama. "Shosho, nisamehe," nikasema. "Ni mpira tu. Sikutaka kukosa heshima."

Hakuniachilia mikono. Aliigeuza viganja juu, akaitemea mate kidogo, kama wazee wetu wanavyobariki, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja.

"Huyu nilikuwa namwita kutoka ng'ambo ya mto," akasema, "anaacha kila kitu, anakuja mbio. Siku hizi sauti yangu haifiki hata kwa mlango. Wewe endelea kumwita."